Hatua Tatu

Tiketi ilisema dakika sabini.
Kisongo hadi Mwanza, kiti cha tano, dirishani.
Niliisoma mara nne, maana mimi ni mtu wa vipimo:
miaka kumi na minane nilishika mnyororo wa wapima ardhi
kutoka Ngaramtoni mpaka Himo,
na usiku wa kuamkia safari,
kwa rula ya mjukuu na atlasi isiyo na jalada,
nilipata kilomita mia nne na ishirini na kitu
kwa mstari ulionyooka,
mstari ambao kwetu hakuna aliyewahi kuupita.

Kwa barabara ni kutwa na kipande cha usiku:
Babati, Singida, Nzega, Shinyanga,
chai ya stendi, choo cha kulipia,
magoti yakikumbushwa umri wao.
Safari hiyo niliikataa miaka tisa.
Kila Krismasi nilisema: ni mbali.

Kijana wa mizani alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri.
Ndege ni ndogo, mzee, tunapima hadi abiria.
Basi nikapanda kama gunia la kahawa.
Sabini na mbili.
Begi, tisa na nusu: buni za kukaanga, blanketi,
chane mbili za mshare.
Na hili jani?
Akaliweka juu ya mizani peke yake, kwa utani.
Namba hazikutikisika.

Isale hilo, kijana. Wewe ni wa wapi?
Wa Muheza.
Basi siwezi kukueleza kabla ndege haijaondoka.

Kwetu Kibosho isale lina kazi mbili.
Likipandwa ni mpaka: huku kwangu, kule kwako,
na marehemu ndiye shahidi.
Likichumwa, likashikwa mkononi, ni mdomo:
nimekosa, nipokee.
Mmea ni uleule.
Mimi niling'oa ule wa kazi ya kwanza,
usiku, tanga la baba halijaanuliwa,
nikaupanda upya hatua tatu ndani ya sehemu ya Aikande.
Hatua tatu. Migomba sita.
Mtu aliyelipwa mshahara
kwa kutokosea hata inchi.

Asubuhi dada yangu alisimama penye udongo mbichi,
akatazama kucha zangu,
akaingia ndani kufunga mizigo.

Meru ulikuwa umejifunika hadi mabegani.
Tulingoja. Rubani alikunywa chai akiwa wima,
akitazama mawingu kama mtu anayemtazama mdeni wake.
Saa mbili zilipita pale kwenye benchi,
nazo hakuna aliyeziandika kwenye tiketi.

Kisha kelele, kisha tumbo kubaki chini,
kisha Monduli.
Watu husema ukiwa juu mipaka haionekani.
Uongo.
Niliiona yote: ua wa miiba kuzunguka boma,
maharage ya huyu, mahindi ya yule,
kijia chembamba ambacho ng'ombe wamekubaliana nacho.
Mpimaji yeyote angeweza kufanya kazi kutoka pale.
Baadaye tu, nyasi zilipoanza kutokuwa za mtu,
ndipo niliacha kutazama.

Jani nililishika mapajani.
Mama wa kiti cha nne aliniuliza kama ni dawa.
Nikasema, sijui bado.

Upepo wa mashariki ulitusukuma mgongoni:
dakika sitini na nne.
Katika jambo hili, mara ya kwanza, niliwahi.

Mwanza jua lilikuwa linachoma lami.
Kutoka ngazi ya ndege nilianza kuhesabu hatua,
tabia ya kazi haifi:
arobaini, sitini, mia na kumi.
Nyuma ya kamba palikuwa na mwanamke mwenye mwavuli wa bluu,
mnene kuliko nilivyomwacha,
na masikio ya baba.
Begi nililisahau kulingoja.
Hesabu ikanipotea mahali fulani kwenye mia na thelathini.

Nikanyoosha mkono wenye jani.
Hakulipokea, hakulikataa.
Alianza kwanza kwa kutazama kucha zangu.